Injini Inapomisi: Msimbo Unataja Silinda, Hautaji Kosa

Gari limesimama kwenye taa, mguu uko kwenye breki, na usukani unatetemeka mkononi. Mtetemo wenyewe hauna mpangilio. Injini inakwenda kama mtu anayechechemea: hatua tatu nzuri, ya nne anajikwaa. Ukikanyaga mafuta, gari linavuta kwa shingo upande, na kwenye dashibodi taa ya njano yenye umbo la injini imewaka. Mafundi husema injini inamisi.

Kinachofuata wengi wanakijua. Mashine ya kupimia inachomekwa, unasomeka msimbo P0302, fundi anatamka kwamba silinda namba 2 haichomi. Inanunuliwa plagi, inayotoa cheche. Bado inamisi. Inanunuliwa koili, inayoipa plagi umeme. Bado. Inanunuliwa nozeli, inayopuliza mafuta, na siku ya tatu mtu anaanza kutaja neno «kontroli boksi», yaani kompyuta ya injini, kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa usiotibika. Mikono ya fundi huenda haina tatizo lolote. Tatizo ni kwamba msimbo umesomwa kama jina la kifaa kilichokufa, wakati kilichoandikwa pale ni anwani tu.

Injini ya petroli ya mipigo minne huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 400 kwa dakika, karibu mara 7 kwa sekunde. Ukifika mizunguko 3000, ni mara 25 kwa sekunde. Kila mara hiyo lazima vitu vitatu vikutane: mchanganyiko wenye uwiano unaofaa (kwa petroli, takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta), kompresheni (mbano wa mchanganyiko huo ndani ya silinda) ya kutosha, na cheche yenye nguvu. Tena vikutane kwa wakati wake. Valvu ikifunguka mapema au cheche ikichelewa, ni sawa na kutokuwepo. Kimoja kikikosa, mpigo ule unapita bila kuwaka. Huko ndiko kumisi, na hakuna sababu nyingine nje ya hizo. Shida ni kwamba kila moja kati ya hizo ina wazazi wengi.

Kompyuta ya injini inajuaje kwamba silinda ya pili ndiyo iliyokosa? Haina jicho ndani ya silinda. Haioni cheche, haioni mafuta. Ina sensa inayohesabu meno ya gurudumu lililofungwa kwenye krenki. Silinda inapowaka, krenki inasukumwa na meno yanapita haraka kidogo. Isipowaka, meno ya kipande kile cha mzunguko yanachelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kompyuta inalinganisha ucheleweshaji huo na zamu za silinda, kisha inaandika namba. Basi. Ndiyo maana hata barabara mbovu inaweza kuichanganya, kwa sababu mitikisiko ya magurudumu hupanda hadi kwenye krenki, na baadhi ya watengenezaji huiwekea njia ya kutambua mashimo ya barabarani ili isilalamike bure.

Kwa hiyo P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 maana yake silinda kadhaa zinakosa, au kukosa kunahamahama bila mpango. Mpangilio huu wa misimbo ni wa pamoja kwa karibu magari yote ya kisasa: Marekani iliulazimisha kuanzia magari ya toleo la 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli kufikia 2001. Mtego mmoja wa kijinga umewala hata wazoefu: kuhesabu kutoka upande usio. Katika injini nyingi za mstari, namba 1 iko upande wa mkanda au mnyororo wa taimingi, lakini kwenye injini za umbo la V kila mtengenezaji ana hesabu yake. Angalia kitabu cha gari kabla ya kushika spana, la sivyo utaitibu silinda yenye afya na mgonjwa abaki palepale.

Taa ikimeta, punguza mguu

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kupanga. Ikianza kumeta, yaani kuwaka na kuzimika, kompyuta inakwambia kwamba kumisi kumefikia kiwango cha kuharibu masega, kile kichujio cha kwenye bomba la moshi. Petroli ambayo haikuungua hutoka na oksijeni ambayo nayo haikutumika, na viwili hivyo vikikutana ndani ya masega yaliyokwisha kupata moto, vinaungua humo. Kauri ya masega inaweza kuyeyuka na kuziba njia ya moshi. Hapo gari litakosa nguvu kwa sababu ya pili, hata kama ile ya kwanza imetibiwa. Ukiona taa inameta, toa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama, zima. Kilomita chache za ukaidi zinaweza kugharimu kuliko plagi zote za injini.

Kuna jambo jingine linalotokea kwenye bomba hilo la moshi, na linawapotosha wengi. Sensa ya oksijeni inahisi oksijeni tu, haihisi petroli. Silinda isipowaka inatoa oksijeni yake yote ikiwa nzima. Sensa inaripoti: kuna hewa nyingi, mafuta ni machache. Kompyuta, kwa utiifu, inaongeza mafuta kwenye silinda zote ambazo moshi wake unapita kwenye sensa ile, hata zile zilizokuwa zikichoma vizuri. Sasa unaweza kukuta msimbo P0171, wa mafuta machache, umekaa pembeni ya P0302, huku moshi unanuka petroli na ulaji wa mafuta umepanda. Mwenye haraka atabadilisha sensa ya oksijeni. Sensa ilisema kweli. Ila swali ililoulizwa halikuwa hilo.

Uliza inamisi lini

Kabla ya kufuta msimbo wowote, andika au piga picha kila kitu mashine inachoonyesha. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa dakika ile: joto la injini, mizunguko, mwendo, mzigo. Ukifuta, hayo nayo yanapotea. Nimeona watu wakifuta kwanza ili «waone kama utarudi», kisha wakabaki na gari linalomisi mara moja kwa siku bila kujua lilikuwa likifanya nini lilipomisi.

Hali hizo zinasema mengi. Injini inayomisi ikipanda mlima au ikivuta mzigo, lakini ikatulia kwenye sailensa, kwa kawaida ina cheche dhaifu. Sababu ni ya kifizikia: ukikanyaga mafuta mengi, silinda hujaa hewa zaidi, shinikizo linapanda, na cheche hupata shida kuruka ndani ya hewa iliyobanana. Inahitaji volti nyingi zaidi, makumi ya maelfu. Plagi iliyolika, ambayo nafasi ya ncha zake imepanuka, inazidi kuomba volti. Umeme nao hupenda njia ya mkato: kama mpira wa koili una ufa, utapitia hapo hadi kwenye chuma cha injini badala ya kuruka kwenye plagi. Kwenye magari ya zamani yenye waya ndefu za plagi, fungua boneti usiku, nyunyizia waya maji kidogo kama umande huku injini inanguruma, simama mbali utazame. Waya mbovu hujitangaza wenyewe kwa vicheche vya buluu gizani.

Mafuta yasiyofika vizuri nayo huonekana chini ya mzigo, pampu ikichoka au chujio likiziba. Lakini njaa hiyo huwa ya wote, hivyo mara nyingi huja kama P0300 na si silinda moja.

Kinyume chake ni injini inayomisi kwenye sailensa na kupona ukipiga resi. Hapo fikiria hewa ya wizi: hozi iliyopasuka, gasketi iliyokauka ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), hewa inayoingia bila kupita kwenye kipimo. Tundu halibadiliki ukubwa. Kwenye sailensa, injini inavuta hewa kidogo, hivyo ya wizi ni sehemu kubwa. Ukipiga resi injini inameza hewa nyingi mno kiasi kwamba ile ya tunduni haihesabiki. Mashine ya kupimia inaweza kuthibitisha hili bila kufungua hata skrubu moja. Tazama asilimia ya marekebisho ya mafuta: ikiwa kwenye sailensa kompyuta inaongeza asilimia 20, kisha kwenye mizunguko 2500 inarudi karibu na sifuri, tafuta tundu. Ikiwa ni kawaida kwenye sailensa na inapanda kadiri unavyovuta mzigo, geukia pampu na chujio. Kulitafuta tundu lenyewe, moshi maalumu unaopulizwa kwenye manifodi ni bora kuliko ile desturi ya kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto. Hiyo ya pili inafanya kazi, mpaka siku inapowaka.

Kumisi kwa alfajiri tu, dakika moja baada ya kuwasha, kisha kimya siku nzima, kunanitia wasiwasi zaidi kuliko kumisi kwa wazi. Inaweza kuwa nozeli inayodondosha usiku. Inaweza kuwa masizi yaliyoganda nyuma ya valvu za kuingizia hewa, hasa kwenye injini zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambako valvu hizo hazioshwi na mafuta. Lakini inaweza pia kuwa gasketi ya silinda hedi inayopitisha maji ya rejeta tone kwa tone usiku kucha. Kama maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, na moshi wa kwanza ni mweupe wenye harufu ya utamu, usinunue plagi bado.

Na kama imeanza siku injini ilipooshwa kwa maji ya presha, ng'oa koili utazame mashimo ya plagi. Yatakuwa visima.

Hamisha kabla ya kununua

Njia ninayoiamini kuliko zote haina gharama. Injini ya silinda 4 ina koili 4, plagi 4 na nozeli 4 zinazofanana. Yaani tayari una vipuri vya majaribio ndani ya boneti.

Zima gari, toa ufunguo, acha injini ipoe. Chukua koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, na ya 3 uilete ya 2. Usiguse kingine. Futa msimbo, kisha endesha katika hali ileile iliyokuwa ikimisisha. Ukirudi P0303, kosa limehama na koili. Umempata mwenye hatia bila kununua kitu. Ukirudi P0302, koili haina hatia, na sasa ni zamu ya plagi kuhama. Usihamishe koili na plagi kwa mkupuo ili kuokoa muda: kosa likihama hutajua lilipanda kwenye kipi. Na lisiporudi kabisa? Huenda soketi ya umeme ilikuwa imelegea au ina kutu, nawe umeibana vizuri bila kujua. Irudie kuikagua, pini kwa pini, kabla ya kusherehekea.

Nozeli huwa ya mwisho kuhamishwa, kwa sababu iko kwenye bomba la petroli yenye presha na kila ukiitoa inataka sili mpya. Ipime ikiwa mahali pake kwanza. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni: nozeli nzima inagonga kama saa, iliyokufa iko kimya. Kwa zile zinazomwaga mafuta kwenye manifodi, pima pia ukinzani wa umeme kwa mita. Nyingi huwa kati ya omu 12 na 16, ila kinachohesabika zaidi ni zilingane zenyewe kwa zenyewe. Kugonga hakuthibitishi kwamba inamwaga vizuri, kunathibitisha tu kwamba umeme unafika na sindano inacheza.

Mafundi wa enzi za kabureta walikuwa wakichomoa waya za plagi moja moja injini ikinguruma, na ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki sauti ndiyo silinda mfu. Mantiki ni nzuri, mkono wenyewe ndio ulio hatarini. Koili za leo zinatoa volti zinazoweza kukutupa chini, na silinda isiyo na cheche inaendelea kumwaga petroli kwenye masega. Kama gari lina nozeli za kwenye manifodi zinazofikika, chomoa soketi ya nozeli badala yake: silinda inakosa mafuta, hakuna petroli mbichi inayotoka, na jibu ni lilelile. Zile za kumwaga moja kwa moja silindani ziache. Umeme wake ni mkali kuliko wa betri.

Plagi ikishatoka, isome. Zitoe zote, zipange juu ya kitambaa kwa zamu zake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu imekula mafuta mengi au cheche yake ilikuwa hafifu. Iliyolowa petroli haikuwaka kabisa. Iliyolowa oili inashitaki ringi za pistoni au sili za valvu, na hilo plagi mpya halitalitibu, italificha kwa wiki chache. Nyeupe yenye malengelenge imeungua kwa joto. Na plagi moja iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, itazame kwa shaka: huenda imeoshwa kweli, kwa mvuke wa maji ya rejeta. Angalia pia kauri ya nje. Mstari mwembamba mweusi kama mchoro wa penseli kutoka juu hadi chini ni njia ya mkato ya umeme, na mara nyingi mpira wa koili una mstari pacha wake ndani. Vibadilishe vyote viwili, kwa maana kimoja kitamharibu mgeni.

Jambo hilo lina mwenzake. Koili ikifa, ipime plagi iliyokuwa chini yake. Nafasi iliyotakiwa kuwa milimita 1.1 ukiikuta 1.5, hiyo koili ilikuwa ikifanyishwa kazi kupita uwezo wake kwa miezi. Koili mpya juu ya plagi kuukuu ni rambirambi iliyotangulia msiba. Na ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi, gasketi ya kifuniko cha valvu imechoka. Oili hiyo inalainisha na kuoza mpira wa koili, kwa hiyo gasketi ndiyo ya kwanza.

Wakati wa kufunga, anzisha nyuzi za plagi kwa mkono. Hedi nyingi ni za aluminiamu, na nyuzi zikichanika utatamani urudi kwenye tatizo la kumisi. Kaza kwa spana ya kipimo kufuata kitabu, na ncha za iridiamu usizipinde kwa kubahatisha.

Ikishindikana, pima kompresheni

Umehamisha koili, plagi, hata nozeli, na P0302 imeng'ang'ania palepale. Kabla hujailaumu kompyuta, kagua waya zinazokwenda silinda ile, kisha pima kompresheni. Ukweli ni kwamba kipimo hiki kilistahili kuja mapema kwa gari lililotembea sana, na wengi wanakikwepa kwa kuogopa jibu.

Injini iwe na joto, plagi zote zitoke, mafuta na cheche zikatwe, na kanyagio la mafuta likanyagwe hadi chini ili hewa iingie bila kizuizi. Zungusha kwa stata mipigo 5 au zaidi, na kila silinda ipewe idadi ileile. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya psi 150 na 200 (psi ni kipimo cha shinikizo), lakini tofauti baina ya silinda ndiyo inayosema. Tatu zikisoma 175 na moja 110, umefika. Dondosha kijiko kidogo cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba nafasi ya ringi, kwa hiyo ringi zimelika. Isipopanda, uvujaji uko juu: valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, gasketi imepasuka katikati yake.

Anayetaka uhakika zaidi hupuliza hewa ya kompresa kwenye silinda ikiwa valvu zote mbili zimefungwa, kisha anatega sikio. Hewa ikisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye manifodi, ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi. Ni kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kukisia: injini inakuonyesha tundu kwa sauti yake.

Kwa dizeli, futa kila kilichosemwa hapa juu ya cheche. Huko kompresheni ndiyo inayowasha, kwa hiyo ushahidi wote unabaki kati yake na nozeli.

Kosa likipatikana na kutibiwa, vuta kijiti cha oili ukinuse. Injini iliyomisi kwa muda mrefu huteremsha petroli hadi kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Ikinuka petroli, imwage. Futa misimbo, kisha tazama marekebisho ya mafuta yakishuka kuelekea sifuri kadiri kompyuta inavyozoea upya. Mzunguko mfupi mtaani hautoshi kuthibitisha. Kama ilikuwa ikimisi mlimani, ipeleke mlimani. Kama ilikuwa ikimisi alfajiri, iache ilale usiku mzima, na kesho uwe wa kwanza kuiwasha, mashine ya kupimia ikiwa tayari imechomekwa.